Malisho Matupu, Mukau Mtupu au Vyote Pamoja: Ulinganisho kwa Mwenye Ekari 20 Ukambani

Mwenye shamba la ekari 20 katika nyanda kame za Makueni au Kitui, aliye na hati miliki mkononi na ng'ombe kadhaa bomani, hushauriwa mara kwa mara apande miti. Ushauri wenyewe si mbaya, ila hesabu inayoambatana nao kwa kawaida ni mbovu: idadi ya miche huzidishwa kwa bei ya mbao ya leo, yanapatikana mamilioni, kisha mamilioni hayo huwekwa kando ya bei ya ng'ombe waliokondeshwa na kiangazi, kana kwamba pesa ya mwaka huu na pesa ya miaka 12 ijayo ni pesa moja. Makala haya yanalinganisha njia tatu alizo nazo mwenye ardhi huyo: kuiacha ardhi yote iwe malisho, kuipanda yote mukau, mti wa asili wa nyanda kame unaotoa mbao, au kuchanganya mukau, nyasi na mifugo katika ardhi ile ile. Njia ya nne, ya kufunga malisho na kuiacha miti ya asili ijiotee, itaguswa baadaye, kwa sababu ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anavyoendelea. Ukitafuta jumla kubwa kabisa ya fedha kwa ekari, mchanganyiko hautashinda kila mara, na asiyekubali hilo huenda ana miche ya kuuza. Faida yake kubwa ni kwamba mifugo hulipia miaka ya kuusubiri mti, na mti huipunguzia mifugo makali ya ukame. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza linahusu wakati: unahitaji pesa lini, na unaweza kuwazuia wanyama wasiguse miche kwa miaka mitatu ya mwanzo?

Malisho matupu

Tuanze na idadi ya ng'ombe ambao ardhi inaweza kuwalisha, kwa sababu hapo ndipo hesabu nyingi huharibikia. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula kwa siku nyasi kavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na ushei, ambazo kwa mwaka zinafika takriban tani 2.3. Ekari 20 ni hekta 8. Tuchukulie kwamba kila hekta inatoa tani 2 za nyasi kavu katika mwaka wa mvua ya kawaida, kiasi ambacho malisho yaliyochakaa hayakifikii, na kwamba nusu yake ni lazima ibaki shambani ili kufunika udongo na kuipa nyasi nguvu ya kuchipua. Zinabaki tani 8 za kuliwa, ambazo ni chakula cha ng'ombe watatu na nusu. Wengi hufuga kumi au zaidi kwenye eneo hilo hilo, na tofauti hutoka kando ya barabara, kwa jirani, kwenye mabua ya mahindi, na sehemu kubwa hutoka mwilini mwa ng'ombe wenyewe, wanaopoteza katika kiangazi uzito wote walioupata wakati wa mvua.

Nguvu ya njia hii ni wepesi wa kugeuza mali kuwa pesa. Karo ikidaiwa, ng'ombe anapelekwa soko la Emali na pesa inapatikana siku hiyo hiyo, jambo ambalo mti wa miaka saba hauwezi kumfanyia mtu. Udhaifu wake ni kwamba wepesi huo hupotea wakati unapohitajika zaidi. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Katika hali kama hiyo kila mfugaji anauza kwa wakati mmoja, bei inaporomoka, na mvua ikirudi kila mmoja anataka kununua kwa wakati mmoja, bei inapanda. Anayeuza katika shimo na kununua kileleni hupoteza katika mwaka mmoja faida aliyoijenga kwa miaka kadhaa, na hasara hiyo mara nyingi haiingizwi katika hesabu ya faida ya ufugaji kwa sababu inahesabiwa kuwa ni kudra.

Hata hivyo, ulinganisho wa haki unataka malisho yapimwe yakiwa katika hali yake nzuri. Kabla ya kuyadharau malisho matupu, mwenye ardhi afikirie kwanza kuyapanda upya kwa nyasi za asili za eneo hilo, ambazo Wakamba wanazijua kwa majina: ndata kivumbu, mbeetwa, nguu na kilili. Kituo cha Kiboko cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO) kimezishughulikia nyasi hizi kwa miaka mingi, na wakulima wa Makueni na Kitui wanaozipanda huuza vitu viwili, marobota ya nyasi kavu na mbegu, ambayo soko lake ni zuri kwa sababu kila anayetaka kufufua malisho huihitaji. Mwenye malisho yaliyopandwa upya anaweza hata kuuza nyasi bila kumiliki ng'ombe mmoja. Mtu akilinganisha mukau uliotunzwa vyema na malisho yaliyokwanguliwa hadi udongo mwekundu, jibu ameshalichagua kabla ya kuanza kuhesabu.

Mukau mtupu

Mukau ni mti wa asili wa maeneo kame ya Afrika Mashariki. Huota kati ya mita 350 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, hustahimili mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, na mbao zake, ambazo mchwa hawazipendi, hulinganishwa na mahogani. Ukitunzwa vizuri, hufikia ukubwa wa kupasuliwa mbao kati ya miaka 10 na 15. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), kwa ushirikiano na Wajapani, imeanzisha mashamba ya mbegu bora Kitui na Kibwezi, na miche inayotokana nayo hukua kwa kasi na kunyooka kuliko ile ya mbegu za kuokota.

Gharama inaanzia kwenye mbegu. Kokwa ya mukau haioti kwa kufukiwa tu. Hupasuliwa kwa panga lililofungwa bawaba kwenye ubao ili mbegu ndogo zilizomo zitoke bila kusagika, kisha ncha ya kila mbegu hukatwa, mbegu hulowekwa usiku kucha, ganda laini huchanwa kwa wembe, na hapo ndipo mbegu huwekwa kwenye mchanga safi chini ya hema dogo la plastiki. Wazee walijua njia nyepesi zaidi ya kupata kokwa: kuziokota katika boma la mbuzi, kwa kuwa mbuzi hula matunda na kuziacha kokwa humo. Kazi yote hiyo ndiyo inayoufanya mche wa mukau uwe ghali kuliko mche wa mkaratusi, na mwenye ardhi anayepanda kwa nafasi ya mita 4 kwa 4 atahitaji miche 250 hivi kwa ekari, sawa na miche 5,000 kwa ekari 20, mbali na mashimo 5,000 ya kuchimbwa katika udongo uliokauka.

Baada ya kupanda, kazi inayoamua bei ya mwisho ni ndogo na ya kila mara. Katika msimu wa mvua shina changa hutoa machipukizi pembeni, na ni lazima yaondolewe kwa kidole gumba yakiwa bado laini, kwa sababu tawi lililoachwa likakomaa na kukatwa kwa panga huacha fundo ndani ya mbao. Shina lililonyooka na lisilo na matawi kwa mita 3 za mwanzo huuzwa kama gogo la mbao, wakati lililopinda la umri huo huo huishia kuwa kuni au makaa. Ningependa jambo hili lisisitizwe kuliko idadi ya miche, kwa kuwa mtu mwenye miti 300 iliyonyooka ana mali kubwa kuliko mwenye miti 1,000 iliyojikunja.

Katika miaka miwili au mitatu ya kwanza ndengu na kunde zinaweza kupandwa katikati ya mistari, na miti inapopunguzwa baadaye hutoa fito na kuni. Baada ya hapo inafuata miaka mingi ya ukimya, na ni hapa riba inapoingia.

Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, shilingi 100 utakazopokea baada ya miaka 12 zina thamani ya shilingi 19 hivi leo, yaani shilingi 19 ukiziweka leo kwa riba hiyo zitafika 100 wakati huo, na kwa asilimia 10 zina thamani ya shilingi 32 hivi. Tuigeuze hesabu hiyo ili iseme na mfugaji. Kwa kila shilingi 100 ambazo mifugo ingeleta kama faida halisi kila mwaka kwa miaka 12, miti italazimika kulipa kiasi gani kwa mkupuo mwaka wa 12 ili ilingane nayo? Bila kuhesabu riba, jibu ni shilingi 1,200. Kwa riba ya asilimia 10 jibu ni karibu shilingi 2,140, na kwa asilimia 15 ni karibu shilingi 2,900. Kwa kuwa bei ya mbao nayo hupanda pamoja na bei za vitu vingine, anayetumia bei za leo katika hesabu yake aondoe kwanza mfumuko wa bei kwenye riba: riba ya asilimia 15 na mfumuko wa asilimia 5 vinamwachia takriban asilimia 10 ya kufanyia kazi.

Kila mtu ana riba yake, na hili ndilo linalofanya majirani wawili wenye udongo mmoja wapate majibu mawili tofauti. Mwenye mshahara Nairobi, ambaye akiba yake imelala katika sacco na hana haja ya kukopa, anaweza kuhesabu kwa riba ya chini, na kwake mukau mtupu huonekana uwekezaji mzuri. Anayeishi kwa mikopo ya simu yenye ada ya kila mwezi anahesabu kwa riba ambayo hakuna mti duniani unaoweza kuifikia kwa kukua. Kumshauri huyu wa pili afunge ardhi yake yote kwa miaka 12 ni kumtuma auze ng'ombe leo ili akope kesho.

Yapo pia mambo mawili ya soko. Madalali hununua mti ukiwa umesimama, kwa bei ya macho, na sehemu kubwa ya thamani humwendea yule mwenye msumeno wa injini na gari. Tena, gogo linapopasuliwa shambani kwa msumeno huo, zaidi ya nusu yake huishia vumbi na makombo. Hesabu inayoanza na bei ya mbao ya dukani na kuishia na mfuko wa mkulima imeruka hatua zote hizo, pamoja na kibali cha kusafirisha ambacho hutolewa na Shirika la Misitu la Kenya (KFS).

Vyote pamoja

Swali la kwanza la anayetaka kuchanganya ni kama nyasi zitaota chini ya miti. Utafiti uliofanywa Tsavo Magharibi, ng'ambo tu ya mpaka wa Makueni, mwishoni mwa miaka ya 1980, ulionyesha kuwa nyasi zilizoota chini ya migunga na mibuyu zilikuwa nyingi kuliko zile za uwazi, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi pale palipokuwa pakavu zaidi. Sababu zake zinaeleweka: kivuli hupunguza joto la udongo na upotevu wa maji, majani yanayoanguka na samadi ya wanyama wanaopumzika hapo hurutubisha udongo, na mizizi ya mti husambaa hadi mbali kutafuta maji nje ya kivuli chake. Matokeo haya yamenukuliwa mno na watetezi wa miti, lakini sehemu moja husahaulika. Miti ile ilikuwa imesimama mmoja mmoja, mbali na mwenzake. Ukipanda miti 250 kwa ekari, hakuna nje ya kivuli ambako mizizi itakwenda, na baada ya miaka michache nyasi zitakuwa zimekonda au zimekwisha.

Mukau hasa si mti mpole kwa majirani zake. Wakulima wengi huamini kuwa haushindani na mazao, lakini vipimo vya watafiti katika maeneo kame ya Kenya vilionyesha kuwa hunyang'anya mahindi maji kwa kiwango kikubwa. La kuvutia ni hesabu yao ya mwisho. Katika mzunguko wa miaka 11, mapato ya mti yalizidi thamani ya mazao yaliyopotea kwa asilimia 42 katika miaka ya kawaida, na kwa asilimia 180 ikichukuliwa kuwa nusu ya misimu mazao hushindwa kwa ukame. Hesabu hiyo ni ya mahindi na wala si ya nyasi, kwa hiyo isihamishwe kama ilivyo, lakini mantiki yake inamhusu mfugaji moja kwa moja: kadiri ukame unavyoipunguzia thamani ile bidhaa ya kila mwaka, ndivyo hasara inayosababishwa na mti inavyopungua, kwa sababu huwezi kupoteza kwa mti nyasi ambazo ukame ungezichukua hata hivyo.

Mpangilio ninaouona wa busara ni wa mistari iliyo umbali wa mita 10, na mita 5 kati ya mti na mti, ambao ni miche 80 kwa ekari. Ikifika mwaka wa tano au wa sita, nusu ya miti hiyo, ile iliyopinda na ile iliyodumaa, hukatwa na kuuzwa kama fito na kuni, na miti 40 iliyobaki huachwa inenepe. Nyasi huendelea kupata jua katikati ya mistari. Mukau nao hupukutisha majani yake na kuchipua upya kabla mvua haijanyesha, katika wiki zile ambazo nyasi zimekwisha na mfugaji hana kitu, na majani hayo pamoja na matunda huliwa na mbuzi na ng'ombe. Ziada hiyo isigeuzwe kuwa tegemeo, kwa kuwa mti unaokatwakatwa matawi kila kiangazi kwa ajili ya lishe hukawia kunenepa, na mwenyewe huwa amekula mbao zake kidogo kidogo bila kujua.

Shida kubwa iko katika miaka mitatu ya mwanzo. Mche ukiwa chini ya kimo cha mnyama, ng'ombe atauvunja kwa kujikuna na mbuzi atautafuna gome. Mti uliotafunwa gome haufi sikuzote, lakini hautakuwa tena gogo la mbao, na mwenye mbuzi hupoteza kwa asubuhi moja thamani ya miaka kumi. Kwa hiyo ni ama ua, ama mchungaji mwaminifu, ama kutopanda kabisa. Ua una hesabu yake. Eneo la mraba la ekari 5 lina mzunguko wa mita 570 hivi, ambazo ni mita 114 kwa kila ekari, wakati eneo la mraba la ekari 20 lina mzunguko wa mita 1,140 hivi, au mita 57 kwa ekari. Seng'enge na nguzo hugharimu kwa mita, na hivyo mwenye shamba dogo hulipia ulinzi wa kila mti karibu mara mbili ya mwenye shamba kubwa.

Hapa ndipo mchanganyiko unapoonyesha ubora wake, kama utapangwa kwa zamu. Ardhi igawanywe vipande vinne vya ekari 5. Kipande cha kwanza kipandwe mwaka huu na kufungwa kwa miaka mitatu, huku mifugo ikilishwa katika vitatu vilivyobaki. Kikifunguliwa, kipande cha pili kinapandwa na kufungwa, na kadhalika, hata kipande cha nne kinapandwa mwaka wa 9. Wakati wote ni robo moja tu ya ardhi iliyofungwa, na hata hiyo haikosi mapato, kwa sababu nyasi zinazoota kati ya mistari hukatwa na kufungwa marobota kwa ajili ya ng'ombe wa bomani au kwa kuuzwa, ilimradi eneo la mita moja kuzunguka kila mche lisafishwe. Kuanzia mwaka wa 12 kipande kimoja huvunwa kila baada ya miaka mitatu, kila mara miti 200, na mwenye shamba haingii sokoni na miti 800 kwa siku moja mbele ya dalali anayejua kuwa amebanwa. Ua nao unaweza kuhamishwa, ukiacha ule wa mpaka wa nje.

Linganisha na yule anayepanda ekari zote 20 kwa mkupuo. Ili kulinda miche yake itambidi auze mifugo yote mwaka wa kwanza, aishi miaka 12 bila ng'ombe, kisha anunue upya. Anaweza kupata mbao nyingi zaidi, lakini mwaka mbaya ukija katikati hana cha kuuza isipokuwa miti isiyokomaa. Mwenye zamu naye hufuga ng'ombe wawili au watatu badala ya watatu na nusu, na upungufu huo wa kama ng'ombe mmoja ndio bei anayolipa kila mwaka kwa ajili ya mbao za baadaye. Kuna pia faida moja ambayo majedwali huikosa: mti uliokomaa unaweza kusubiri. Bei ya mbao ikishuka mwaka wa 12, unaachwa usimame hadi mwaka wa 14 na huku unaongezeka unene. Ng'ombe aliyefikia umri wa kuuzwa akicheleweshwa wakati wa ukame hupungua uzito kila siku.

Kufunga na kuacha

Wasukuma wa Shinyanga wana desturi ya ngitili: eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea, na visiki vilivyo hai chini ya udongo huachwa vichipue. Eneo hilo liliharibiwa vibaya kwa ufyekaji wa misitu uliokusudia kuangamiza mbung'o na kwa kilimo cha pamba, hata ngitili zilizobaki mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, nyingine zikiwa za vijiji na nyingine za familia moja moja. Tathmini ya kiuchumi iliyofanyika kuelekea mwaka 2005 iliweka thamani ya mazao ya ngitili, yakiwemo kuni, malisho, dawa, asali na miti ya kujengea, kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa vijijini yalikuwa dola 8.50.

Hakuna kitalu, hakuna mashimo, na gharama ni ya ulinzi tu. Kenya nayo ina mfano wake Chepareria, Pokot Magharibi, ambako kuanzia mwaka 1987 familia zilianza kuzungushia ardhi zao nyua za miti hai, na leo wapo wanaopata pesa kwa kumkodishia mfugaji mwingine malisho kwa mwezi, bila wao wenyewe kuongeza ng'ombe. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haileti mbao za bei kubwa, na inahitaji ardhi ambayo bado ina visiki hai. Shamba lililolimwa kwa trekta miaka 20 halina cha kuchipua.

Mambo yasiyopaswa kuongoza uamuzi

Fedha za hewa ya ukaa, yaani malipo kwa mkulima ambaye miti yake inafyonza hewa hiyo, zimekuwa wimbo wa kila semina. Mpango wa TIST, ulioanzia Mpwapwa mwaka 1999 na kuenea Kenya, umekuwa ukilipa malipo ya awali ya senti 2 za Marekani kwa mti kwa mwaka, pamoja na ahadi ya sehemu ya faida baadaye. Miti 800 kwa kiwango hicho huleta dola 16 kwa mwaka, ambazo hazitoshi hata kumlipa mchungaji kwa mwezi mmoja. Zipokelewe zikija, lakini zisiingizwe katika sababu za kupanda.

Mfano wa nyanda za juu nao usihamishwe hovyo. Embu, mkulima mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na vichaka 500 vya kaliandra kwenye kingo za shamba hupata kilo 6 za majani mabichi kwa siku, ambazo hufanya kazi ya kilo 2 za chakula cha dukani, na pesa inayookolewa huonekana baada ya muda mfupi. Hesabu hiyo ni tamu, ila inategemea mvua ya kutosha na ng'ombe anayelishwa bandani. Pwani, kwenye minazi iliyokwisha kurefuka, ng'ombe hupunguza gharama ya kufyeka na kurahisisha kuokota nazi zilizoanguka, lakini huko miti ilishapandwa na mababu, na gharama ya kusubiri haimo tena kwenye daftari la mtu.

Tahadhari ya mwisho ni aina ya mti. Mathenge ililetwa Baringo miaka ya 1980 kama mti wa nyanda kame wenye kuni, kivuli na maganda ya kulisha mifugo. Maganda hayo yenye sukari yaliozesha meno ya mbuzi, mbegu zilisambazwa na kinyesi cha mifugo hiyo hiyo, na malisho yakamezwa na miiba hata wakazi wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani. Mti unaoenezwa na mnyama katika malisho ya mtu binafsi huingia na kwa jirani pia.

Nani achague nini

Mwenye chini ya ekari 5, anayetegemea ardhi hiyo kwa kila kitu, asifunge malisho yake kwa ajili ya mbao, kwa kuwa ua utamgharimu mno na miaka mitatu bila eneo lile itamlazimisha kuuza mnyama wake wa akiba. Apande mukau kwenye mpaka, mita 5 kati ya mti na mti, akinge kila mche kwa matawi ya miiba, na ardhi ya ndani aipande nyasi. Mwenye ekari 20 anayeishi hapo na kutegemea mifugo achanganye kwa zamu, na kama visiki vya asili bado vipo, kipande kimoja kati ya vinne akiache kijifufue badala ya kukipanda. Mkulima wa simu, anayekaa mjini na kufika shambani mara chache, asijaribu mchanganyiko hata kidogo, kwa sababu unadai jicho la kila siku ambalo hana. Kwake ni bora mukau mtupu wenye ua, au nyasi za kukodisha.

Pana swali jingine, na wengi hulikwepa. Ardhi nyingi Ukambani ina hati iliyo bado katika jina la babu, na ndugu watano wanailisha kwa maelewano ya mdomo. Ng'ombe hugawanyika kwa urahisi na kila mmoja ana mwenyewe anayejulikana. Mti wa miaka 12 uliopandwa na ndugu mmoja kwenye ardhi ya wote huwa wa wote siku msumeno unapofika, na aliyetoa machipukizi kwa kidole misimu yote hapati zaidi ya aliyekuwa mjini. Katika hali hiyo mgawanyo wa ardhi, au angalau makubaliano ya maandishi mbele ya mashahidi, ni gharama ya kuanzia inayopaswa kulipwa kabla ya gharama ya miche.

Aliyekwisha kuamua kupanda ahesabu nyuma kutoka mvua za vuli, ambazo Ukambani hutegemewa zaidi kuliko zile za Machi. Miche iagizwe kitaluni miezi minne mapema, mashimo yachimbwe Agosti na Septemba ili yawe tayari kupokea mvua ya kwanza, na ua ukamilike kabla ya mche wa kwanza kutolewa kwenye mfuko wake.